Ganzi, Kombo na Kitanzi

Anayefasiri riwaya za Kiingereza hukutana mapema na sentensi ya namna hii: watu wako sebuleni, mmoja ametaja jina lisilopaswa kutajwa, na mwandishi anasema pakaingia "awkward silence". Kalamu hukimbilia neno la karibu, na neno la karibu kwetu ni aibu. Ukimya wa aibu. Msomaji wa Kiswahili akifika hapo anaanza kumtafuta mkosaji. Nani kafumaniwa? Nani kaiba? Anarudi nyuma ukurasa mzima asione kitu, kwa sababu hakuna aliyekosa. Watu wale wamekwama tu katika dakika ambayo kila mmoja hajui atazame wapi.

Naamini aibu imebebeshwa mizigo isiyo yake. Kiingereza kina ukoo mkubwa wa maneno juu ya mtu asiyekaa sawa, iwe mwilini, mbele za watu au katika mazungumzo: awkward, clumsy, gauche, maladroit, inept, uncouth, embarrassed, mortified, na siku hizi cringe. Kamusi ndogo huyapanga pamoja kana kwamba ni visawe, na mfasiri mwenye haraka huyafunika yote kwa shuka moja. Lakini kila moja linaweka lawama mahali tofauti. Moja linaiweka mkononi, jingine katika malezi, jingine katika kutosoma wakati, jingine machoni pa watazamaji. Na moja, ambalo ndilo gumu kuliko yote, haliiweki kwa mtu yeyote.

Clumsy ni neno la baridi. Limetoka katika kitenzi cha Kiingereza cha Kati, chenye ndugu zake katika lugha za Skandinavia, kilichomaanisha kufa ganzi kwa baridi. Vidole vilivyokufa ganzi havifungi kifungo, na kikombe huponyoka mkononi ingawa mwenyewe amekikazia macho. Neno lilipojitokeza katika maandishi mnamo mwaka 1600 lilikuwa geni kiasi cha kuchekesha. John Marston, mwandishi wa tamthilia wa London, alilitumia kuyaelezea majira ya baridi katika utangulizi wa Antonio's Revenge. Ben Jonson, hasimu wake, hakulivumilia. Katika Poetaster ya mwaka 1601 alimweka jukwaani mhusika aliyekuwa wazi kwamba ni Marston, akampa dawa ya kutapisha, na yule mhusika akayatapika maneno yake ndani ya beseni, moja baada ya jingine. Clumsy lilikuwamo. Lilikuwamo pia "damp", na "strenuous", na "conscious". Leo hakuna Mwingereza anayeweza kupitisha wiki bila hayo manne, wala hakuna anayekumbuka kwamba yaliwahi kutapikwa.

Nalipenda tukio hilo kwa sababu linaonyesha clumsy lilipozaliwa: kwenye mkono, si kwenye tabia. Ndiyo maana tafsiri ya "mzembe" inaniudhi. Mzembe ana uwezo ila hajali. Aliye clumsy anajali, pengine anajali kupita kiasi, na chai inamwagika vilevile. Goigoi nalo halifai, maana goigoi ni mlegevu anayesukumwa ndipo atende. Sisi tuna ganzi, neno lilelile la baridi na la kukalia mguu vibaya, na tungeweza kulitumia kwa upole: mikono yake kama imekufa ganzi. Au tukaacha kutafuta kivumishi na kusema kwa kitenzi, kwamba kila akishikacho humponyoka. Kiswahili hupumua vizuri zaidi kwenye vitenzi.

Ungainly na gawky ni ya mwili pia, ila hayo ni ya kimo na mwendo: mvulana aliyerefuka ghafla, ambaye viwiko vyake vimefika mahali kabla yake. Hayo yatoshe.

Gauche ni neno la upande wa kushoto. Ni Kifaransa tupu, na maana yake ya kwanza ni hiyo hiyo, kushoto. Maladroit nalo ni la Kifaransa: aliyekosa "droit", yaani unyofu na upande wa kulia. Adroit ni stadi, na dexterous, kutoka Kilatini dexter, ni stadi wa mkono wa kulia. Wakati huohuo sinister, neno la Kilatini la kushoto, limegeuka kuwa jambo la kutisha. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa. Sisi tuna mkono wa kulia, yaani mkono wa kulia chakula, ambao pia ni mkono wa kuume. Na wa pili tumeuita wa kushoto au wa kike. Hukumu imo ndani ya jina lenyewe, na mwenye kutumia shoto tangu utotoni anaijua vizuri kuliko mimi.

Tofauti ni kwamba Kiingereza kiliyachukua maneno ya mkono kutoka Kifaransa na kuyapa kazi mbili. Maladroit lilibaki karibu na ustadi: waziri anayejibu maswali ya wabunge kwa namna inayomzidishia maadui ni maladroit, hata kama adabu zake ni kamili. Gauche lilihamia sebuleni. Mtu gauche anauliza bei ya zulia mbele ya aliyemwalika. Hakukusudia kumuudhi mtu, hakufundishwa tu. Kwa Kiswahili ndugu yake wa karibu ni mshamba, na ushamba ndio ugonjwa wake. Angalia jinsi maneno haya mawili yanavyopima kwa vipimo tofauti. Mfaransa alitazama mkono, sisi tukatazama anakotoka mtu: mji upande huu, shamba upande ule. Uncouth linafanana zaidi na letu, kwa kuwa katika Kiingereza cha Kale lilimaanisha "asiyejulikana" tu. Mgeni ndiye aliyekuwa uncouth. Karne zilipopita, ugeni ukageuka kuwa ukosefu wa adabu, na mtu akaanza kulaumiwa kwa kuwa hakuzaliwa jirani.

Hakuna aliyeogopa hali hizi kuliko Philip Stanhope, Lord Chesterfield. Mwaka 1741 alimwandikia mwanawe, mtoto wa miaka tisa, barua inayomchora mtu awkward tangu anapoingia chumbani. Upanga unampita katikati ya miguu na kumwangusha. Akijizoazoa anaketi mahali pasipo pake. Anaangusha kofia, akiokota kofia, fimbo inaanguka. Chai inamuunguza mdomo, kikombe kinamtoka, suruali inalowa. Mezani anashika kisu na uma visivyo. Mikono yake inamsumbua muda wote, hajui aiweke wapi ikiwa haina cha kushika. Barua hizo zilichapishwa mwaka 1774, baada ya Chesterfield na mwanawe wote kufariki, na zikasomwa kama kitabu cha mwongozo wa adabu.

Jambo linalonigusa katika barua ile ni sentensi ambayo baba anaikubali njiani: kwamba yote hayo si uhalifu. Anasema wazi kwamba hayana dhambi ndani yake, ila yanachukiza na kuchekesha mbele za watu. Hata yeye, aliyekuwa mkali namna ile, aliona mpaka. Upande mmoja kuna makosa ya mtu na roho yake, upande wa pili kuna makosa ya mtu na kikombe chake. Sisi tukiyaita yote aibu tunaufuta mpaka ambao hata Chesterfield aliuacha.

Kwa Chesterfield, lakini, awkward bado lilikuwa sifa ya mtu. Safari ya neno hili ndiyo inayonishughulisha. Nusu yake ya kwanza ni ya Kinorse cha Kale, lugha ya mabaharia wa Skandinavia waliovamia Uingereza kisha wakalowea huko, na ilimaanisha kilichogeuzwa, cha nyuma mbele. Nusu ya pili ni ile "ward" ya mwelekeo, inayosikika pia katika "forward" na "backward". Kwa hiyo awkward lilikuwa "kuelekea kusiko". Lilisemwa juu ya kitu kilichowekwa kinyume, kisha juu ya chombo kisichoshikika vizuri, kisha juu ya mtu asiyejimudu. Halafu likaachana na mtu. Siku hizi kona ya ngazi inaweza kuwa awkward, na kabati lisilopita mlangoni, na saa ya kumpigia mtu simu, na umri wa miaka kumi na minne, na swali, na ukimya. Hakuna mtuhumiwa katika orodha hiyo. Kabati halikukosa, na mlango haukukosa. Vimekutana vibaya.

Hapo ndipo Kiswahili kina jibu tayari, na sijui kwa nini tunalipita. Tunasema mambo yamekwenda kombo. Kombo ni kilichopinda, kisichonyooka, na mtendaji wa sentensi ni mambo yenyewe. Hakuna mtu anayeshtakiwa. Ukiniuliza namna ya kufasiri ule ukimya wa sebuleni, nitasema mazungumzo yakaenda kombo, watu wakanyamaza. Au: pakawa kimya, kila mtu akatafuta pa kuweka macho. Wengine hupendelea "ukimya mzito", nami siukatai, ila uzito hutufaa zaidi msibani. Kombo ni jepesi, na wepesi huo unahitajika, kwa kuwa jambo lenyewe halidumu zaidi ya dakika mbili.

Embarrassed lina kamba shingoni. Lilifika Uingereza kupitia Kifaransa na Kihispania, na wengi huifuatilia asili yake hadi neno la Kireno lenye maana ya kamba au kitanzi. Mwanzoni halikuhusu hisia. Njia iliyozibwa ilikuwa embarrassed, na jeshi lililokwama kwa wingi wa mizigo, na mtu aliyezongwa na madeni. Maana hiyo ya mwisho ingali hai: Mwingereza mstaarabu asiye na fedha husema yuko katika "financial embarrassment". Sisi tunasema nimekwama kidogo. Ni picha ileile ya njia iliyozibwa, na sidhani mmoja alimwiga mwenzake. Tena tuna tata, uzi uliojisokota hata haufunguki, ambao umetuzalia kutatiza, tatizo na utata. Kwa maana ya kale ya embarrassed sijaona neno bora kuliko kutatizika.

Jane Austen anaonyesha kwa nini maana ya kale isitupwe. Katika Pride and Prejudice, iliyotoka mwaka 1813, kuna usiku wa dansi huko Netherfield. Mama yake Elizabeth, mhusika mkuu wa riwaya, anatangaza kwa sauti kubwa ndoa anayomtarajia binti yake mkubwa, wakati Darcy, ambaye Elizabeth atakuja kumpenda, amekaa upande wa pili akisikia yote. Dada yake Mary anaimba wimbo asioumudu, kisha anaongeza mwingine. Binamu yao, Mr Collins, anamwendea Darcy na kujitambulisha mwenyewe, jambo lisilofanyika. Elizabeth anaungua. Hapo pana watazamaji na pana wakosaji, na neno fedheha linakaa bila kusukumwa. Miezi kadhaa baadaye Elizabeth anatembelea nyumba ya Darcy ya Pemberley akidhani mwenyewe hayupo, na ghafla wanakutana bustanini. Wote wawili wanageuka wekundu. Darcy anamuuliza ametoka lini nyumbani na yuko Derbyshire kwa muda gani, kisha anauliza tena yaleyale, na tena. Mwishowe anasimama kimya kidogo na kuaga. Austen analiita embarrassment. Ukiandika aibu hapo umeharibu kitabu, kwa sababu hakuna aliyefanya kosa katika bustani ile, na mapenzi yao yanaanzia katika kukwama huko. Maneno yamegoma kutoka. Wametatizika.

Kiingereza pia hutenga embarrassed na ashamed, na mstari wenyewe ni mashahidi. Mtu anaweza kuwa ashamed peke yake saa nane za usiku, kwa jambo ambalo hakuna mwingine anayelijua. Kuwa embarrassed kunahitaji macho ya watu, hata macho ya kufikirika. Tena hakuhitaji kosa: msifu mtu mbele ya kadamnasi, uone atakavyoinamisha kichwa. Mstari wetu umepita kwingine. Haya hutangulia tendo, aibu hulifuata. Mwenye haya hujizuia asitende. Aliyetenda bila haya hupatwa na aibu. Kwa hiyo haya ni sifa njema, na kumwambia mtu hana haya ni tusi linaloweza kuvunja undugu. Mafundisho ya Uislamu yanaihesabu haya kuwa sehemu ya imani. Aibu nayo ni neno la Kiarabu lililoanza na maana ya dosari. Katika fikihi ya biashara, mnunuzi akigundua "ayb" iliyofichwa ndani ya bidhaa ana haki ya kuirudisha. Dosari, basi. Bibi harusi anayeinamisha macho anaona haya, na anayesema anaona aibu amemtia dosari asiyokuwa nayo.

Soni ndilo neno letu la Kibantu katika jambo hili, na limesambaa mbali kuliko watumiaji wake wengi wanavyojua. Waganda husema ensonyi, Wanyarwanda na Warundi isoni, Wakikuyu thoni, Wakamba nthoni. Kikuyu kimelifikisha neno hilo hadi kwenye ukoo, ambapo mũthoni ni mkwe, mtu ambaye mbele yake unaingiwa na thoni. Lawama haimo humo hata chembe. Ni hali ya kusimama mbele ya mtu anayestahili kuchungwa, kupima maneno, kukwepa mlango anaopita. Kiingereza kina "bashful" na "shy", lakini hayo ni maelezo ya tabia ya mtu mmoja, ilhali soni ya wakwe ni mpango wa watu wawili, nao wote wanaujua. Mwanasosholojia Erving Goffman alikaribia wazo hilo kwa Kiingereza mwaka 1956, katika insha yake juu ya embarrassment na mpangilio wa jamii. Alishikilia kwamba anayebabaika mbele za watu hajatoka nje ya utaratibu; kubabaika kwenyewe ni sehemu ya utaratibu, kwa kuwa kunaonyesha kwamba anaujali. Mkwe wa Kikuyu asingehitaji kuelezwa.

Mortified lipo ncha ya mbali kabisa. Kilatini chake kinasema "kufanywa maiti", na Kiingereza cha kila siku kimelilegeza hata likasemwa kwa kukosea jina la mtu. Kwetu kuna kuumbuka. Lichambue kwa sarufi: kuumba ni kufanya kiumbe, na ile -ua iliyo katika kuumbua hugeuza tendo, kama kufunga na kufungua. Aliyeumbuliwa amefumuliwa umbo lake mbele za watu. Ni neno lenye nguvu kuliko mortified, na vijana wa Dar es Salaam hulitumia kila siku bila kulipunguza makali. Wafasiri na walithamini zaidi.

Halafu kuna inept, ambalo lilinifanya nifikiri upya juu ya dhana ya "pengo" katika lugha. Leo lina maana ya asiyejua kazi yake. Lakini Kilatini chake, ineptus, kilikuwa na maana nyembamba na nzuri zaidi. Katika De Oratore, iliyoandikwa mwaka 55 kabla ya Kristo, Cicero anamfanya Lucius Crassus alieleze: ni mtu asiyeona wakati unataka nini, au asemaye mengi kupita kiasi, au ajionyeshaye, au asiyejali heshima na raha ya walio pamoja naye. Kisha Crassus anaongeza kwamba Wagiriki, pamoja na elimu yao yote, hawana neno hilo, kwa sababu kosa lenyewe hawalioni kuwa kosa.

Sikubaliani naye. Chukua orodha yake uilete pwani. Asemaye asiyoulizwa anaropoka. Aingiaye kati ya maneno ya wenzake anadakia. Ajitiaye mbele kila mahali ana kimbelembele, na mwenye haraka ya kila kitu ana kiherehere. Ajionyeshaye anajishaua. Asiyejali heshima ya watu hana adabu. Hatuna neno moja la ineptus kwa sababu tumelikata vipande vingi, na kila kipande kina makali yake. Anayetafuta neno moja kwa neno moja atarudi akisema Kiswahili ni maskini. Nimeisikia kauli hiyo ikisemwa na watu wasomi, na inaniumiza, maana aliyeisema hakuwa amefungua masikio nyumbani kwake.

Cringe ndilo jipya, nalo ni miongoni mwa makongwe. Katika Kiingereza cha Kale kitenzi chake kilikuwa cha wapiganaji: kuanguka vitani. Kimo katika shairi la mapigano ya Maldon ya mwaka 991, ambapo mashujaa wa Essex wanaanguka mbele ya Wavikingi. Baadaye kikawa kunywea, kujikunyata kwa hofu au kwa kujipendekeza kwa bwana. Karne hii kimepata kazi nyingine: uchungu anaoupata mtazamaji kwa ajili ya mtu mwingine anayejiumbua bila kujua. Vichekesho vya The Office, vilivyoanza BBC mwaka 2001, vilijengwa juu ya uchungu huo. Meneja anadhani anachekesha, wafanyakazi wanatazama sakafu. Wajerumani walikuwa na Fremdscham kwa hisia hiyo, Wahispania vergüenza ajena, na Kiingereza kilikaa muda mrefu bila neno hadi kilipomwita shujaa aliyeanguka Maldon.

Vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wamelichukua cringe lilivyo, wakalifanya lebo: video hii ni cringe. Hapo lawama imehama tena, kutoka moyo wa mtazamaji hadi kwa aliye kwenye video, na neno la huruma limekuwa neno la kumdharau mtu. Kwa hisia yenyewe Kiswahili hakihitaji kukopa. Kina kauli ya kutendea. Kuona aibu ni kwangu. Kumwonea mtu aibu ni kuibeba kwa niaba yake. Wapo watakaosema kwamba "kumwonea haya" tayari kuna maana nyingine, ile ya kuwa na soni mbele ya mtu, na ni kweli: usinionee haya, huambiwa mgeni anayesitasita kula. Kwa sikio langu haya ibaki kwa huyo mgeni. Meneja wa The Office namwonea aibu, na hapa neno limetua mahali pake, kwa kuwa dosari ipo, watazamaji wapo, na mwenyewe ndiye pekee asiyeihisi.